Naombeni ushauri: naweza kumsindikiza mama mpaka getini, uwanja wa ndege wa Seattle?

Binti_Korogwe:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi. Mama yangu ana miaka 74, alikuja kunisaidia kulea mtoto. Mwezi ujao anarudi Dar kupitia Dubai, peke yake. Kiingereza hajui, na magoti yanamsumbua. Mwaka jana shangazi yangu aliondokea uwanja mwingine hukuhuku Marekani. Geti likabadilishwa, wakatangaza kwa Kiingereza, ndege ikamwacha. Mhudumu alimkuta saa nne baadaye amekaa palepale, mkoba kaukumbatia kifuani. Sitaki yamkute mama. Je, asiyesafiri anaruhusiwa kuvuka ukaguzi? Nasikia tangu 2001 ilipigwa marufuku.

Mzee_wa_Tukwila:
Marahaba binti. Marufuku ililegezwa. Pittsburgh ndio walianza 2017, wakafuata wengine: Tampa, Detroit, na hapa kwetu Seattle. Unaomba kibali cha mgeni kwenye tovuti ya uwanja, majina yaandike kama yalivyo kwenye kitambulisho, kisha wanakuchunguza. Ukikubaliwa unapita ukaguzi kama abiria yeyote: mkoba kwenye mashine, kimiminika kisizidi mililita 100. Kwa hiyo chupa ya chai ya bi mkubwa acheni nyumbani. Leseni ya kawaida ya udereva ya jimbo la Washington, ukiitumia kama kitambulisho, inaweza kukukwamisha tangu Mei 2025; beba pasipoti.

NesiKent:
Dada, ipo na njia ya pili. Siku ya safari, kaunta ya shirika la ndege inaweza kukupa pasi ya msindikizaji kwa ajili ya mzee, mtoto au mgonjwa. Ila ni hiari yao. Mimi nilinyimwa kwa sababu safari ilikuwa ya nje ya nchi, nikaagana na baba kwenye foleni huku nalia. Omba kile cha uwanja mapema, usitegemee kaunta.

Mzee_wa_Tukwila:
Kweli kabisa. Na Seattle kuna mageti ya S, hufiki bila kupanda kile kitreni cha chini ya ardhi. Kwa mzee wa magoti mabovu hapo ni pagumu.

Kaka_Transit:
Mnazungumzia Seattle tu, mimi naona hatari iko Dubai. Kibali chako kinaishia getini. Pigia shirika leo, uombe kiti cha magurudumu safari nzima mpaka Dar. Ni bure, na wanashauri uwaarifu saa 48 kabla. Anayemsukuma ndiye anayejua geti limehamia wapi. Mwandikie mama karatasi kwa Kiingereza: jina, namba za ndege zote mbili, dawa anazotumia, simu yako na ya atakayempokea. Aivae shingoni, asiiweke kwenye begi.

Mama_Salma:
Mimi wangu anakuja. Naweza kumfuata ndani?

Mzee_wa_Tukwila:
Kama anatokea nje ya nchi, hapana. Anapita kwanza uhamiaji na forodha, na huko kibali hakifiki. Msubiri nje.

Binti_Korogwe:
Asanteni sana. Kiti nimeshaomba mpaka Dar, wamekiandika kwenye tiketi. Karatasi mama kaisikiliza, akasema niongeze kwa herufi kubwa kwamba yeye hanywi kahawa, ana presha. Nimeongeza.