Mjadala: Nyaraka za matoleo ya zamani ya Django zifutwe au zibaki?

Mleta mada:
Habari zenu wadau. Kuna hoja imezuka hapa Tanga kati yetu tunaofundisha vijana kutengeneza mifumo ya mtandaoni kwa Django (fremu ya lugha ya Python), wenzetu wengine wanasema nyaraka, yaani maelekezo rasmi, za matoleo ambayo hayahudumiwi tena zingetolewa tu mtandaoni libaki toleo jipya, eti zinawachanganya wanaoanza. Mimi napinga, tena napinga sana.

Kuna kijana wa Makorora kapata kazi kwenye ofisi moja ya mikopo hapa mjini, mfumo wao uko Django 1.11. Kafungua nyaraka mpya, kaandika path(), ile amri ya kuelekeza anwani ya ukurasa, kama zinavyoelekeza, erori hapohapo, maana path() imeingia kwenye toleo la 2.0, Desemba 2017, kabla ya hapo watu walikuwa wanatumia url() na zile regeksi zake (ruwaza za alama za kutambua maandishi). Dogo kahangaika mchana kutwa anadhani kaharibu yeye. Tulipofungua nyaraka za 1.11 zenyewe akaiona url(), kazi ikaendelea. Sasa zingekuwa zimefutwa angemuuliza nani?

Na bando je? Wanafunzi wetu kuangalia video za masomo kila siku hawawezi, ila nyaraka za Django unazishusha zote kwa mkupuo, iwe HTML, PDF au ePub, unatia kwenye flashi, zinazunguka darasa zima bila intaneti. Hiki ndo kitu cha kupigania jamani.

Mchangiaji, Chumbageni:
Kaka nakuelewa ila 1.11 iliacha kupata marekebisho ya usalama Aprili 2020. Ofisi inayoshika pesa za watu kukaa huko ni hatari, na nyie mkiwawekea nyaraka ndo mnawapa sababu ya kutohama. Halafu anayeanza akigugo anaangukia ukurasa wa zamani, anakopi tu hajui hata ni toleo gani.

Mleta mada:
Dada yangu, kwenye usalama tuko pamoja, wahame, tena wahame haraka. Ila watahamaje? Kodi ya programu usiyoielewa huwezi kuihamisha. Toleo la 4.0 liliiondoa url() kabisa, kwa hiyo mtu lazima ajue kila mstari ulikuwa unafanya nini ndo ajue wapi aweke path() na wapi re_path(), ile inayotumia regeksi. Hayo yamo kwenye nyaraka za zamani na kwenye taarifa za kila toleo, ukizifuta unamfungia mtu hukohuko kwenye 1.11.

Na hilo la kuangukia ukurasa wa zamani, Django wenyewe wanaweka onyo juu ya ukurasa kwamba toleo hili si salama, halihudumiwi, hamia jipya. Hapo nakubali wengi hawasomi onyo, sasa sisi walimu tupo kwa ajili gani, tuwafundishe kuangalia namba ya toleo kabla ya kukopi chochote.

Mimi wasiwasi wangu mkubwa ni miradi midogo ambayo nyaraka ziko kwenye tovuti ya mtu mmoja, siku asipolipia domeni (jina la tovuti) ndo basi tena. Django nyaraka zake zinakaa pamoja na kodi, folda ya docs, yeyote mwenye kodi anazo, na leseni yao ya BSD inaruhusu kunakili na kugawa. Kwa hiyo napendekeza tuweke nakala zetu hapahapa Tanga, tuanze na matoleo yanayotumika kwenye ofisi za mjini. Mwenye diski yenye nafasi aseme.