Chapati za maji zenye protini ya kutosha kwa chai ya asubuhi: nichanganye nini, na nifanyeje zisichanike?

Mama_Shangani (Mtwara mjini)

Habari zenu wapendwa. Nyumbani tupo 6: watu wazima 2 na watoto 4, mdogo ana mwaka 1 na nusu. Chapati za maji ndizo zinazoliwa na wote bila kubembelezana, ila ukiangalia kilichomo ni unga wa ngano, maji, sukari na yai 1. Ikifika saa 4 watoto wameshaanza kulalamika njaa.

Nataka ziwe na protini ya maana kwa vitu vya sokoni hapa hapa: mbaazi, choroko, korosho za vipande, karanga, ufuta. Poda za kopo sizitaki. Shida ni kwamba unga wa mbaazi ukiingia nusu kwa nusu, chapati inaganda kwenye frampeni, inachanika wakati wa kugeuza, na ladha ya ubichi haitoki. Naomba vipimo, na anayejua sababu anieleze. Natumia gesi, na mkaa gesi ikiisha.

Jiko_la_Kusini (Lindi)

Dada, tuanze na sababu, vipimo vitaeleweka vyenyewe.

Unga wa ngano ukikutana na maji unatengeneza utando unaovutika, na utando huo ndio unaoishika chapati wakati unaigeuza. Mbaazi, choroko na kunde hazina kitu hicho. Ukiondoa nusu ya ngano bila kuongeza cha kushikia, lazima ichanike. Cha kushikia ni yai, na yai 1 kwa chapati za watu 6 ni dogo mno.

Ladha ya ubichi inatokana na namna ya kusaga. Unga mkavu wa mbaazi ambazo hazikukaangwa unanywa maji polepole. Unaukoroga, unaona mchanganyiko uko sawa, unamimina, nje inaiva huku chembe za ndani bado kavu. Kwa hiyo achana na unga mkavu. Loweka punje nzima, kisha saga mbichi na majimaji yake. Ni kazi ile ile ya bhajia za kunde, tofauti ni kwamba hapa unasaga laini zaidi na hukaangi kwenye mafuta mengi.

Anza na choroko. Ganda lake ni laini, ladha yake haina ukali, na zinasagika kirahisi kuliko mbaazi. Vipimo vya watu 6:

Choroko kavu gramu 200 (kikombe 1 cha robo lita)
Unga wa ngano gramu 200 (kikombe 1 na nusu)
Mayai 3
Maziwa mililita 250
Maji mililita 100 hadi 150, yaingie kidogo kidogo
Baking pauda kijiko 1 na nusu cha chai
Chumvi nusu kijiko cha chai, sukari vijiko 2 vya chakula
Iliki ya kusaga ukipenda

Choroko chagua mawe, osha, loweka usiku kucha kwa maji mengi. Asubuhi mwaga maji ya kulowekea (kuyamwaga kunapunguza gesi tumboni), suuza mara 2. Maganda yanayoelea yaondoe, yaliyobaki hayana neno. Saga kwenye blenda na maziwa yote. Hapa usikimbie: chukua tone, lisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukisikia mchanga mchanga, saga tena. Chembe hizo ndizo zitakazobaki mbichi.

Kwenye bakuli piga mayai na chumvi na sukari, tia unga mara 3 ukikoroga mpaka upate rojo zito lisilo na madonge, halafu ndipo umimine choroko. Ukianza na majimaji kisha unga, madonge hayaishi. Acha dakika 20 ili unga unywe maji na ule mvutano ulegee. Baking pauda iingie mwisho kabisa, jiko likiwa limeshawaka, koroga mizunguko michache tu. Uzito uwe kama uji wa kunywa: ukiinua upawa utiririke bila kukatika.

Frampeni ipate moto kwanza, wa wastani. Nyunyizia tone la maji: likitulia na kuchemka, bado, likirukaruka na kukauka mara moja, tayari. Kata kitunguu nusu, kichome uma, kichovye mafuta, pakaza. Mimina upawa mmoja, kama mililita 80, tandaza upana wa sentimita 14 hivi, funika. Usiguse mpaka juu pakauke na ukingo uanze kuachia wenyewe, dakika 2 hivi. Ukitumbukiza mwiko kabla ya hapo utaichana hata ingekuwa ya ngano tupu. Geuza, dakika 1 nyingine. Zinatoka kama 14.

Kipimo hiki kinavumilia choroko na ngano kuwa sawa kwa sababu ya mayai 3. Ukiwa na mayai 2, shusha choroko hadi gramu 150. Ya kwanza ikichanika, usihangaike na moto: ongeza vijiko 2 vya unga wa ngano ujaribu nyingine. Ikitoka ngumu ya kuvutika, umekoroga sana baada ya unga kuingia. Ikiwa nje nyekundu na ndani rojo, mchanganyiko ni mzito au moto ni mkali. Ongeza maji kidogo, punguza moto.

Afya_Masasi

Kipimo cha hapo juu nimekipigia hesabu. Choroko ina protini karibu gramu 24 kwa kila gramu 100 kavu, ngano karibu 10, yai moja karibu 6, maziwa zaidi kidogo ya 3 kwa mililita 100. Jumla inakuja takriban gramu 94, yaani kama gramu 6 na nusu kwa chapati moja. Ukipika za kawaida kwa gramu 400 za ngano na yai 1 unapata kama 46 kwa mapishi yote. Mtoto wa miaka 4 hadi 8 anakadiriwa kuhitaji gramu 19 kwa siku, kwa hiyo chapati 2 za namna hii zinampa zaidi ya nusu kabla hajatoka nyumbani.

Kuna faida nyingine ambayo haionekani kwenye namba. Protini imejengwa kwa viini vidogo vidogo, na ya ngano imepungukiwa kimoja kiitwacho laisini. Jamii ya kunde inayo kwa wingi, ila imepungukiwa kiini kingine, methionini, ambacho nafaka inacho. Zikiliwa pamoja zinajazana. Ndiyo maana nisingependa mtu aondoe nafaka yote akidhani ndiyo afya.

Sasa tahadhari, na hizi tuzishike kweli.

Maharage msisage mabichi mkamimina kwenye frampeni, hasa mekundu. Yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha, na inaondoka kwa kuchemshwa maji yakitokota sawasawa, si kwa dakika 3 za kikaango. Ukitaka kuyatumia, loweka, chemsha mpaka yaive kabisa, ndipo usage. Soya nayo ikiwa mbichi inazuia mwili kumeng'enya protini, kwa hiyo ichemshwe au ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa.

Karanga: chagua moja moja. Iliyosinyaa, yenye ukungu, iliyobadilika rangi au yenye uchungu, tupa. Sumukuvu haiishi kwa kukaanga wala kwa kusaga. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu Dodoma na Manyara, kwa hiyo hili si la kubishia. Ununuapo karanga zilizosagwa tayari huwezi kujua zilichaguliwaje. Nunua nzima, saga mwenyewe.

Huyo wa mwaka 1 na nusu apewe chapati laini iliyokatwa vipande vidogo, yai liwe limeiva kabisa. Korosho au karanga nzima asipewe, hata vipande vikubwa, zinapalia. Ikiwa hajawahi kula karanga wala korosho, mwonjeshe kidogo siku ambayo uko naye nyumbani umwangalie.

Mkungu_Newala

Naunga mkono mayai 3, ila sukari mimi ningeitoa kabisa. Chapati ya choroko ya chumvi ni tamu kuliko ya sukari, na mlango wa protini unakuwa mpana: kitunguu maji kilichokatwa vidogo, karoti ya kukwaruza, majani ya maboga yaliyokatwa membamba na kukamuliwa maji (yasipokamuliwa mchanganyiko unalegea, zinachanika), bizari nyembamba kidogo. Kisha dagaa wakavu: toa vichwa, pepeta mchanga, kaanga bila mafuta mpaka wavunjike kwa vidole, twanga, chekecha. Kijiko kimoja kilichojaa, kama gramu 10, kinakupa protini gramu 6 hivi, sawa na yai zima. Kwa mapishi haya vijiko 2 vinatosha. Vikizidi watoto watanusa na kukataa. Chumvi ipunguze, dagaa wanayo yao.

Jambo jingine kwa wenzangu wa huku. Unga ukipanda bei tunaongezea wa makopa. Kwa kujaza tumbo sawa, lakini unga wa muhogo una protini gramu 1 au 2 tu kwa 100, na chapati inakuwa ya kunata ndani. Ukitoa ngano gramu 100 ukaweka muhogo, umepoteza karibu gramu 8. Bora uweke dona iliyosagwa laini, hata robo ya unga wote.

Mama_Shangani

Ahsanteni sana, hasa kwa hilo la maharage, nilikuwa na mpango nayo. Maswali matatu. Naweza kusaga usiku ili asubuhi nimimine tu? Umeme ukikatika na blenda haifanyi kazi, nafanyaje? Na mbona korosho hamzisemi, wakati ndiyo mali ya kwetu?

Jiko_la_Kusini

Dada, kusaga usiku inategemea friji. Kwa joto letu, choroko iliyosagwa ikilala mezani inachachuka, asubuhi unakuta mapovu na harufu kali. Kwenye friji yenye baridi ya kweli inalala salama mpaka asubuhi, lakini isiwe na mayai wala baking pauda. Hivyo vinasubiri asubuhi. Huna friji? Loweka usiku, ukiamka osha, saga, pika. Hata kulowekea, kama ni msimu wa joto, badilisha maji mara moja kabla ya kulala.

Umeme ukikatika, uwe na unga wa akiba, ila si ule wa kwanza. Osha choroko, anika zikauke kabisa, kaanga kwa moto mdogo ukigeuza bila kuacha mpaka zitoe harufu nzuri na zibadilike rangi kidogo, acha zipoe, ndipo upeleke mashineni. Kukaanga kunaondoa ule ubichi na kufanya zisagike laini. Mwambie wa mashine aanze kutoa unga uliobakia wa mteja aliyepita. Nyumbani chekecha. Huu tumia gramu 150 kwa ngano gramu 250, uloweke ndani ya maziwa nusu saa kabla ya mengine, na maji yataongezeka kama mililita 200. Kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana unakaa wiki kadhaa.

Mbaazi zinakwenda kwa njia hizo hizo mbili, ila ganda lake ni gumu na lina uchungu kidogo. Zikishalowa, zisugue kwa viganja ndani ya maji, maganda yaelee, yamwage. Ukiruka hatua hii ladha itakurudisha ulikotoka.

Korosho ni tamu, lakini kwa gramu 100 zina protini kama 18 na mafuta zaidi ya 40. Karanga zina protini 25 hivi na bei yake ni nafuu. Kwa hiyo korosho ni ya kulainisha, si nguzo. Chukua vipande gramu 60 vya zilizobanguliwa, loweka saa 2, saga pamoja na choroko. Chapati inakuwa laini kama imetiwa siagi, na hutahitaji mafuta ndani ya mchanganyiko. Msijaribu kubangua wenyewe jikoni, mafuta ya lile ganda yanaunguza ngozi. Karanga zikae juu: zilizosagwa vijiko 2 vya chakula ni protini gramu 7 au 8, unapaka na kukunja. Ufuta ukaange kidogo na kuutwanga, kwa kuwa punje nzima inapita tumboni ilivyo.

Mkaa_na_Moto (Mikindani)

Kwa siku za mkaa niongeze hili, maana chapati zenye yai na maziwa zinaungua upesi kuliko za maji matupu. Subiri mkaa wote uwe mwekundu, moshi uishe. Usiurundike katikati, usogeze ukingoni kuzunguka jiko, katikati uache mmoja au miwili, kisha nyunyiza majivu juu. Frampeni nyembamba ya alumini inapata moto sehemu moja na ndiyo inayogandisha. Ya chuma nzito ni bora. Ioshwe kwa maji ya moto, ikaushwe jikoni, ipakwe mafuta ingali ya vuguvugu. Ukiikwangua kwa waya wa chuma unaondoa ile ngozi nyeusi inayozuia kuganda, na chapati 3 au 4 za mwanzo zitashika.

Kati ya chapati na chapati futa kwa kitambaa chembe zilizobaki, kwa sababu zinaungua na inayofuata inashikia hapo hapo. Zikishaiva usizipange kwenye sahani zikiwa za moto na kuzifunika kwa sufuria. Zinatoa jasho na kulowana. Tandaza kitambaa kisafi ndani ya ungo, zipange, funika kwa ncha za kitambaa hicho hicho. Za kubeba shuleni ziache zipoe kwanza ndipo uzitie kwenye kontena, na za dagaa au maboga ziliwe kabla ya saa 5.