Mjadala: Je, sanaa na uelimishaji umma vimpandishe mwanafizikia cheo?

Mleta mada
Wakuu, vyuo vingi vya Marekani hugawa kazi ya mhadhiri kwa 40-40-20: utafiti, ufundishaji na huduma. Mwanafizikia akitengeneza maonyesho na wasanii, akiandikia umma au akizungumza redioni, yote hayo hutupwa kwenye ile 20, pamoja na vikao vya kamati. Naona ni dhuluma. Carl Sagan, mwanaastronomia aliyejulikana kwa kuielezea sayansi kwa umma, alinyimwa ajira ya kudumu Harvard mwaka 1968, akahamia Cornell. Mwaka 1992 Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ikamkataa uanachama, ingawa machapisho yake ya kitaaluma yalikuwa mamia. Mwaka 1994 akademia hiyohiyo ikampa nishani kwa mchango wake kwa umma! Tena Pablo Jensen na wenzake walichambua kumbukumbu za watafiti wa CNRS, shirika la taifa la utafiti la Ufaransa, wakachapisha mwaka 2008: wanaojitokeza mbele ya umma ndio pia wanaofanya vizuri zaidi kitaaluma. Kwa hiyo napendekeza kazi hii ipewe uzito unaokaribia ule wa machapisho.

Mchangiaji wa 1
Napinga. Mambo mawili kwenda pamoja hakuthibitishi kwamba moja limeleta jingine. Huenda aliye hodari ndiye anayealikwa redioni. Hofu yangu kubwa ni haraka. Tarehe 17 Machi 2014 kundi la BICEP2, lenye darubini huko Ncha ya Kusini, lilitangaza kwa waandishi wa habari kwamba limeona alama za mawimbi ya mvutano (mitikisiko ya anga yenyewe) ya mwanzo wa ulimwengu, kabla matokeo hayajapitiwa na wanataaluma wenza. Baadaye vipimo vya Planck, darubini iliyorushwa angani, vikaonyesha kuwa vumbi la galaksi yetu limechangia sehemu kubwa ya alama ile, na dai likaanguka. Mkitoa cheo kwa kusikika, watu watakimbilia kusikika. Halafu niambieni, jopo la wanafizikia litapimaje kazi ya sanaa?

Mchangiaji wa 2
Hilo swali la mwisho lina jibu, ndugu. Jopo lipime uamuzi uliofanywa kati ya data na kile anachokiona au kukisikia mtazamaji. Fizikia ya kazi hizi iko hapo.

Chukua wimbi la mvutano lililonaswa na LIGO, vituo vya Marekani vya kupima mawimbi hayo, tarehe 14 Septemba 2015. Marudio yake yalipanda kutoka hezi (mitikisiko kwa sekunde) 35 hadi 250 kwa takriban sekunde 0.2. Marudio hayo sikio linayasikia, kwa hiyo data inaweza kupelekwa kwenye spika bila kubadilishwa. Lakini spika ndogo za simu hazitoi vizuri sauti nzito, na sehemu ya mwanzo humezwa. Ndiyo maana hutolewa pia toleo lililopandishwa marudio. Asiyetaja kwamba amepandisha amepotosha.

Sauti ya kundi la galaksi la Perseus, iliyotolewa na NASA mwaka 2022, ni jambo jingine kabisa. Mawimbi ya shinikizo kwenye gesi yapo kweli, ila yalisomwa kutoka kwenye picha ya eksirei, kisha yakapandishwa oktavi 57 na 58. Kila oktavi ni kuzidisha kwa mbili, kwa hiyo 57 ni zaidi ya mara milioni bilioni 140. Mwombaji wa cheo asipoweka idadi hiyo mbele ya msikilizaji, watu wataondoka wakiamini kuna maikrofoni iliyopelekwa huko juu.

Mfano ninaouheshimu zaidi ni wa mwanafizikia Kip Thorne. Milinganyo aliyoandaa kwa ajili ya shimo jeusi la filamu ya Interstellar ya mwaka 2014 iligeuzwa programu na wataalamu wa picha, na mwaka 2015 wote wakachapisha makala katika Classical and Quantum Gravity. Wameeleza wazi humo kwamba kwenye filamu kasi ya shimo kujizungusha ilishushwa hadi 0.6 ya kikomo, na kwamba tofauti ya mwangaza kati ya upande wa gesi unaomjia mtazamaji na ule unaokwenda mbali naye iliachwa ili asichanganyikiwe.

Mchangiaji wa 1
Basi hiyo ni makala, na makala tayari inahesabiwa. Tunabishania kazi isiyo na makala.

Mchangiaji wa 3
Sawa, tuje kwenye faili lenyewe la kuombea cheo. Uingereza, katika tathmini yake ya kitaifa ya utafiti, ilitoa asilimia 20 kwa athari nje ya vyuo mwaka 2014, ikaongeza hadi 25 mwaka 2021. Mwaka huo wa 2021 maelezo ya kila mfano wa athari yalibanwa ndani ya kurasa tano, na lazima utafiti wenyewe uwepo nyuma yake. Kasoro ni kwamba hupimwa idara, si mtu.

Kwa mtu mmoja ningedai kurasa mbili za maamuzi: data ipi ilitumika, ilibadilishwaje, nini kiliachwa na kwa nini. Kisha mgawanyo wa kazi kwa asilimia, uliosainiwa na wote, msanii akiwemo. Hapa ndipo faili nyingi zinapoharibika, kwa sababu mwanafizikia huandika "nilishirikiana" na hakuna anayejua alifanya nini.

Idadi ya waliohudhuria isipewe alama hata moja; hiyo hupima eneo na matangazo. Waulizwe wageni maswali matatu yaleyale mlangoni na wakati wa kutoka, lakini wawe watu tofauti, maana aliyeulizwa akiingia huzunguka akilitafuta jibu. Ukiwa na watu 100 kila upande, tofauti kati ya makundi ina ukingo wa makosa wa takriban pointi 14 za asilimia. Kwa hiyo anayejisifu kwa ongezeko la pointi 8 hajaonyesha kitu.

Mchangiaji wa 4
Niongeze kwamba fizikia inayogusa sanaa inaweza kubanwa vikali kama nyingine yoyote. Mwaka 1999 Richard Taylor na wenzake walidai katika Nature kwamba michoro ya Jackson Pollock, mchoraji wa Marekani aliyemwaga rangi kwenye turubai, ni fraktali, yaani umbo linalojirudia lilelile kila ukilitazama kwa karibu zaidi. Walitandika miraba juu ya picha, wakahesabu yenye rangi, wakapunguza ukubwa na kurudia. Mwaka 2006, katika Nature hiyohiyo, Katherine Jones-Smith na Harsh Mathur wakajibu kwamba tofauti ya ukubwa wa miraba ni ndogo mno kuthibitisha fraktali, na kwamba hata mchoro wao wa kuchezea ulifaulu kipimo kile.

Mleta mada
Nimeshawishika kuhusu uzito: robo ya alama za utafiti, si usawa. Lakini mwombaji atangaze mpango na vipimo kabla kazi haijaanza, asije akachagua takwimu zilizompendeza. Tathmini ifanywe na mwanafizikia mmoja na msimamizi mmoja wa maonyesho, kila mmoja aandike bila kuona barua ya mwenzake.

Mchangiaji wa 1
Robo naikubali kwa aliye na ajira ya kudumu. Kwa kijana wa mkataba wa miaka mitatu bado nakataa: maonyesho yakichelewa mwaka mmoja, mkataba haumngojei.