Mapambo ya Krismasi kwa mabaki ya mbao: paleti, plaiwudi au matawi?

Mleta Mada
Habari za wakati huu, ndugu zangu. Mwaka huu ninakusudia kutengeneza mapambo ya Krismasi pamoja na watoto kwa kutumia mabaki ya mbao, na nimekusanya aina tatu: mbao za paleti (chaga za kubebea mizigo) zilizobomolewa, vipande vya plaiwudi ya milimita 6, na matawi makavu yenye unene wa kifundo cha mkono. Ninataka nyota za kutundika, mti mdogo wa kusimama mezani na vishikio viwili vya mishumaa. Vifaa nilivyo navyo ni msumeno wa kawaida, msumeno mwembamba wa kukatia mikunjo, keekee, msasa na gundi ya mbao. Ninaomba wenye uzoefu wanilinganishie: kila aina inafaa kazi ipi, na je, ipo ambayo ni bora niiache kabisa?

Fundi Randa
Ndugu, karibu. Anza na umbo, kisha ndipo uchague mbao, kwa sababu kinachovunja mapambo madogo mara nyingi si ubovu wa mbao bali ni mwelekeo wa nyuzi zake. Chukua nyota yenye ncha tano. Ukiichora kwenye ubao mmoja wa paleti, ncha inayofuata urefu wa nyuzi itakuwa imara, lakini zile zinazoelekea ubavuni zitabaki na nyuzi fupi mno, nazo zitakatika siku nyota itakapoanguka sakafuni, au hata mapema zaidi, mtoto atakapoisugua msasa kwa nguvu. Plaiwudi haina udhaifu huo, kwa kuwa imeundwa kwa tabaka nyembamba ambazo nyuzi za kila moja hupishana na za jirani yake, hivyo ncha zote tano hupata nguvu inayokaribiana. Kwa nyota ya kipande kimoja, basi, ninachagua plaiwudi bila kusita.

Kasoro yake iko ukingoni, ambako tabaka la nje huchanika upande ambao meno ya msumeno yanatokea. Bandika utepe wa karatasi juu ya mstari pande zote mbili, weka ubao chakavu chini ya kazi yako uukate pamoja nayo, na usiusukume msumeno kwa haraka.

Mkusanya Paleti
Ninakubaliana na Fundi kuhusu nyota ya kipande kimoja, ila sioni sababu ya kuinyima paleti nyota. Iunde kwa fito tano zenye urefu sawa. Chora duara, weka alama tano zilizoachana kwa digrii 72, kisha unganisha kila alama na ile ya pili kutoka kwake, ukiiruka ya katikati. Kila ufito utakuwa na nyuzi za mbao zinazokimbia kwa urefu wake wote, kwa hiyo hakuna ncha dhaifu hata moja, na rangi ya kijivu ya paleti iliyonyeshewa inapendeza bila kupakwa chochote. Toboa kwanza kwa keekee kabla ya kupiga msumari karibu na mwisho wa ufito, maana mbao kavu hupasuka upesi hapo.

Jambo ninalolisisitiza ni muhuri. Paleti za usafirishaji wa kimataifa hupigwa chapa yenye alama ya suke la ngano na herufi IPPC. Zikifuatwa na HT, maana yake ni kwamba mbao zilipashwa joto hadi kiini chake kikafikia nyuzijoto 56 kwa dakika 30 mfululizo, na hizo hazina shida. Zikiandikwa MB, zilifukizwa kwa methili bromidi, ambayo ni sumu, nami sizipeleki mikononi mwa watoto. Paleti yenye HT nayo iache ikiwa ina madoa ya mafuta au harufu usiyoielewa, kwa sababu muhuri hausemi kilichomwagikia juu yake baadaye.

Mpenda Matawi
Naona matawi yanasahaulika, ilhali ndiyo yanayotoa pambo zuri kwa kazi ndogo kuliko yote. Kata vipande vya mviringo vyenye unene wa sentimita 1 hivi, toboa tundu karibu na gome, pitisha uzi, na pambo limekamilika. Watoto wanaweza kuchora juu yake moja kwa moja, mradi uso umelainishwa kwa msasa namba 120 na kufuatiwa na namba 180.

Tatizo ni mipasuko. Mbao inapokauka husinyaa kwa kuzunguka pete zake takriban mara mbili ya inavyosinyaa kutoka kiini kwenda gome, na mvutano huo ndio unaofungua ufa kutoka ukingoni hadi katikati. Kwa kuwa matawi yako ni makavu tayari, hatari imepungua sana. Kata na utupe sehemu za mwisho zilizokwisha kupasuka, kisha uanze vipande vyako pale mbao inapokuwa nzima. Ukikata kwa mshazari utapata umbo la yai, ambalo kwa maoni yangu linavutia kuliko duara kamili. Gome likibanduka kwa ukucha, liondoe lote kabla hujaendelea.

Mleta Mada
Nawashukuru sana. Bado nina maswali mawili: vishikio vya mishumaa nitengeneze kwa mbao ipi, na je, ninaweza kutumia mbao za dirisha kuukuu zenye rangi inayobanduka?

Mama wa Karakana
Ndugu yangu, hizo za dirisha ziache. Rangi za zamani huenda zina madini ya risasi, na ukizipiga msasa unaigeuza kuwa vumbi ambalo mtoto atalivuta au kulilamba vidoleni. Vivyo hivyo mbao zenye rangi ya kijani kibichi iliyofifia inayotokana na dawa ya kuzuia mchwa na kuoza, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo zina arseniki. Kwa kazi yoyote ya msasa, hata ya mbao safi, fanyeni nje na mvae barakoa.

Kuhusu mishumaa, tawi nene ndilo linalofaa, kwa sababu lina uzito wa kulifanya litulie, lakini mshumaa wenye moto usigusane na mbao. Toboa shimo litakaloingia kikombe cha chuma au cha kioo, na mshumaa ukae ndani yake. Nyumba yenye watoto wadogo ningeiwekea mishumaa ya betri tu.

Fundi Randa
Umebaki mti wa mezani, nao nautetea uwe wa plaiwudi. Kata pembetatu mbili zinazolingana. Ya kwanza ikate mfereji kutoka kileleni hadi nusu ya kimo, ya pili kutoka chini hadi nusu, kisha uzichomeke pamoja zisimame kwa umbo la msalaba bila gundi wala msumari. Mfereji uwe na upana wa milimita 6 na nafasi kidogo tu ya ziada, kwa kuwa rangi nayo ina unene wake: mti uliochomekana vizuri ukiwa mtupu unaweza kugoma baada ya kupakwa rangi. Njia rahisi ni kuziba kuta za mfereji kwa utepe wa karatasi kabla ya kupaka. Sikukuu ikiisha unauchomoa, unaulaza bapa na kuuhifadhi hadi mwakani.

Ukichagua mafuta ya kitani badala ya rangi kwa vile vipande vya tawi, usivikunjekunje vitambaa ulivyopakia na kuvitupa kwenye pipa, kwani mafuta hayo yanapokauka hutoa joto na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe. Vitandaze nje, kimoja kimoja, mpaka vikauke na kuwa vigumu kabisa.