Naomba ushauri: niendelee vipi na Solo Leveling?
Wakuu, nimemaliza misimu yote miwili ya katuni, nimebaki na kiu. Jinwoo, mhusika mkuu, anaanza akiwa mwindaji wa mazimwi wa daraja E, la chini kabisa, kila akitoka kupigana ni majeraha tu. Halafu mfumo fulani wa ajabu, anaouona yeye tu, unampa kazi za kila siku kama gemu: pushapu 100, kukimbia kilomita 10, asipotimiza anatupwa jangwani kwenye tandu wakubwa. Hapo ndipo waliponinasa! Alipokuwa hashikiki utamu ulinipungua, sijui ni mimi tu.

Sasa, nisome ile hadithi yake ya michoro ya Kikorea tangu mwanzo, au nianzie katuni ilipoishia? Au kuna nyingine ambayo mnyonge anahangaika muda mrefu zaidi? Nasomea kwenye simu, na bando ndiyo hivyo tena.