Thadpati ya bei moja kama Tanzania: tuikubali ama tuikatae?

Wa Likoni (mwenye mada)

Jamani salaam aleikum. Nimerudi kutoka Tanga juzi, harusini kwa kina shangazi na nimerudi na swali. Kabla ya kuvuka nilikata Comesa pale Lunga Lunga kama kawaida, ile kadi ya njano ya bima ya kuvukia mpaka, manake thadpati yetu, ile bima ndogo ya kumlipa uliyemgonga, ukishapita geti kule haikusaidii kitu. Kwenye foleni ya Horohoro kulikuwa na kijana gari yake namba ya T, ya Tanzania, arudi kwao, tukapiga gumzo la bima mpaka foleni ikaisha. Namuuliza kwenu bima ndogo pesa ngapi, anambia laki na kumi na nane elfu. Namuuliza kampuni gani, anicheka, ati kampuni yoyote, gari ndogo ya binafsi haiuzwi chini ya laki moja, TIRA, wasimamizi wa bima kule, ndo wamepanga, juu yake VAT asilimia 18, basi 118,000 kwisha maneno.

Nikapiga hesabu pale pale ndani ya gari. Shilingi yetu moja ni kama ishirini zao hivi, kwa hivyo yeye alipa kama 5,900 za kwetu. Mimi yangu hapa Mombasa nililipa 7,574, yani 7,500 yenyewe, halafu zile levi mbili za asilimia 0.2 na 0.25, na stempu ya shilingi 40. Jirani yangu gari aina ile ile akalipa elfu nne na kitu kwa ajenti mwengine. Yani hapa bima yauzwa kama nyanya za jioni Kongowea, ukijua kubembeleza waondoka na yako.

Sasa mada yenyewe: bora bei ya chini iwekwe na serikali kama wao, au kila kampuni na yake kama sisi? Mimi nasema iwekwe na atakayeuza chini yake afungiwe. Mwaka juzi matatu ilinilamba ubavuni pale Saba Saba, mlango ukaingia ndani. Stika yake halali kabisa, trafiki akaikagua. Hiyo kampuni siitaji, lakini nimekwenda ofisini kwao mara sijui ngapi, rudi Jumatatu, rudi mwisho wa mwezi, faili iko juu, na mlango nimeutengeneza kwa pesa zangu. Yule mwenye matatu siku ile ile alikuwa ajisifu ati yeye bima yake ndo rahisi kuliko zote stejini. Rahisi kwake yeye, mimi je?

Tuktuk Kisauni

Wewe una gari ya kwendea harusini ndo mana waongea hivyo. Sisi wa tuktuk twakata ya mwezi, na mwezi ukiwa mbaya mtu alala nyumbani siku mbili tatu mpaka apate ya kukatia. Weka bei ya chini uone, mwenye chombo apandisha hesabu ya siku, mimi napandisha nauli, na wewe mwenyewe uje hapa kulia ati tuktuk zimekuwa ghali.

Halafu mwasahau haraka nyinyi. Serikali hii hii 2024 ilitaka kila mwenye gari alipe asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka, isipungue 5,000 isizidi laki moja, na ikusanywe wapi? Kwenye bima! Ikaondolewa mwezi wa sita baada ya kelele, na siku chache baadaye mswada mzima wa fedha ukatupwa, vijana washakufa barabarani. Leo mwaiita mlangoni ije iwapangie bei. Ikishajua njia hairudi nyuma.

Ajenti Digo Road

Nianze kwa kusema mimi nala kamisheni, bei ikipanda nami napata, kwa hivyo nichujeni maneno yangu mnavyotaka.

Lakini mwajua kwa nini ile ya elfu nne ipo? Kampuni ina shida ya pesa taslimu, yauza rahisi ikusanye za leo ilipe kesi za jana, kesho yauza rahisi zaidi. Hiyo ndo hadithi yote. United Insurance iliwekwa chini ya usimamizi 2005, Blue Shield 2011, na Invesco ambayo matatu nyingi zilikuwa kwake ikapelekwa kufilisiwa 2024. Kila ikianguka moja, mwenye gari atafuta stika mpya asubuhi anaendelea na kazi, aliyevunjika mguu ndo abaki na hukumu ya korti mkononi. Ile asilimia 0.25 uliyoitaja yaenda kwenye mfuko wa kufidia watu kampuni ikifa, lakini mfuko wenyewe una kikomo cha 250,000 kwa klemu moja. Mguu ni laki mbili unusu?

Na jengine watu hawalijui. Sheria yetu ya bima ya gari, Cap 405, yailazimu kampuni ya bima kulipa mpaka milioni 3 tu kwa mtu mmoja aliyeumia. Korti ikisema milioni 5, hizo 2 zatoka mfukoni kwa mwenye gari. Wewe wa tuktuk una milioni 2?

Tuktuk Kisauni

Ningekuwa na milioni 2 ningekuwa nabishana na wewe hapa saa nane ya mchana?

Mtanga

Habari wakuu, mimi niko upande wa pili wa Horohoro, naomba nirekebishe kidogo. Hiyo laki ni kima cha chini, si bei moja, ila kwa bima ndogo karibu kila kampuni inauza hapo hapo. Pikipiki ni elfu hamsini, na VAT inakuwa 59,000. Bima kubwa kwa gari binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari, halafu VAT tena. Hiyo VAT nyie hamna, mshukuru Mungu. Na kuhakiki ni rahisi, unaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA kwa simu, inakuambia kama bima iko hai.

Sasa msitufanye malaika. Bei ya chini imezuia kuuziana kwa bei ya kutupa, sawa, ila siku ya ajali utatafuta ripoti ya polisi, ramani ya ajali, hukumu ya kesi ya trafiki, na kila karatasi ina safari zake. Shemeji yangu aligongwa na bodaboda, ile bima ilikuwepo na bei ilikuwa halali, lakini alichoka akaacha. Kwa hiyo anayedhani ukilipa kima cha serikali na fidia inakuja yenyewe, karibu Tanga aje ajionee.

Kitu ambacho sisi tulifanya kikanifurahisha ni ile ada ya mwaka ya gari, 2017 wakaifuta wakaihamishia kwenye mafuta. Ukiendesha sana unalipa sana, gari ikilala haulipi. Bima nayo ingeenda huko.

Wa Likoni (mwenye mada)

Mtanga asante, na VAT hiyo yanigeuzia hesabu. Chukua gari ya milioni moja ya kwetu. Kwenu 35,000, na VAT inakuwa 41,300. Hapa ajenti akikupigia asilimia 4, ni 40,000, levi 180, stempu 40, jumla 40,220. Yani zile kelele zote za kule rahisi huku ghali, kwenye komprehensiv, hiyo bima kubwa, twatofautiana pesa ya mchele kilo chache tu! Kwa hivyo hoja yangu ya bei naipunguza makali. Hoja ya kulipwa siipunguzi.

Mpitanjia wa Magongo

Hiyo ya bima kwenye mafuta Afrika Kusini wanayo miaka mingi, yaitwa Road Accident Fund, kila lita ina hela ya majeruhi ndani yake. Na mfuko wenyewe umezama kwenye madeni. Halafu hapa petroli ishaongezwa levi ya barabara kutoka 18 mpaka 25 kwa lita 2024, waongeze tena? Hapana.

Mama wa Tudor

Mimi naona mwabishana bei na mwaacha la maana. Mwanangu ana komprehensiv, akaenda Tanga akijua kila kitu kiko sawa kwa sababu ana Comesa. Comesa hailipi gari yako! Yalipa yule uliyemgonga, na matibabu yenu mliokuwa ndani, basi. Gari yako ikiumia Muheza wategemea palisi yako ya hapa, ule mkataba wa bima, kama imeandikwa yafika Tanzania, sasa nani alisoma mstari wa eneo? Yake ilikuwa imeandikwa, alhamdulillahi, ila yataka uwape taarifa kabla ya kuvuka, na hakuwapa. Wakamsumbua mpaka nikaenda mwenyewe na buibui langu nikakaa kwenye kiti chao mpaka saa kumi.

Na chengine chanichekesha, Tanzania ilitoka COMESA yenyewe tangu 2000 lakini kwenye kadi ya njano imebaki. Kwa hivyo wakitaka kitu wawezana. Wasituambie ati bima moja ya Afrika Mashariki ni ngumu, mtu wa Vanga kuvuka kumzika nduguye upande wa pili alipa bima mbili, na bahari yao moja.

Ajenti Digo Road

Mama yuko sawa kabisa, na hilo la taarifa wateja wangu pia wanisahau. Barua pepe moja tu yatosha, mwandikie ajenti siku unayovuka na siku ya kurudi.

Kwa Tuktuk nakubali kitu kimoja. Bei ya chini ikiwekwa ya mwaka pekee itawaua nyinyi. Iwekwe ya mwezi nayo, na ile hesabu ya mwezi isizidi sana mwaka ukigawa kwa kumi na mbili, kama vile sasa mnavyokamuliwa. Mtu maskini alipa zaidi kwa mwaka kuliko mwenye gari ya harusini, na hilo hakuna aliyelisema humu.

Wa Likoni (mwenye mada)

Gari ya harusini yenyewe ni Probox ya 2011. Lakini sawa, nimekubali, na ya mwezi iwemo. Sasa Tuktuk wasemaje, hapo twapatana?

Tuktuk Kisauni

Kwa mdomo twapatana. Yangu yaisha Alhamisi. Huyu ajenti wa stejini ashanambia ana ya bei ya chini kuliko mwezi jana, kampuni hata sijaisikia jina. N'takata hiyo hiyo. Nikikugonga Probox yako utajua wewe na wao.