Gumzo la jumuiya yetu, Katubuka, Kigoma

Mama Deo: Tumsifu Yesu Kristo, wanajumuiya.

Mwenyekiti: Milele amina. Mama Deo! Siku hizi hatukuoni kwenye sala.

Mama Deo: Nipo baba. Kidonda cha mguu, sukari hii. Sikanyagi. Nilikuwa namtolea Mungu kimya kimya nisimsumbue mtu. Leo naomba: wa kunichotea maji, na wa kunipeleka hospitali ya Maweni Jumatatu.

Mama Anjela: Jamani mama! Juzi umenipimia mawese umekaa, kanga umeifunika mguuni, nakuuliza unasema hujambo kabisa!

Mama Deo: Ningekupa mzigo gani mwanangu, nawe una kichanga.

Katekista: Mama, kumtolea Mungu mateso ni jambo kubwa, usiliache. Ila Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyepigwa risasi mwaka 1981, aliandika barua nzima juu ya mateso, tarehe 11 Februari 1984, na hakuishia kwenye kuvumilia. Kuelekea mwisho alimleta Msamaria Mwema. Na Bwana wetu pale Gethsemane aliwaomba Petro, Yakobo na Yohane wakeshe naye. Walilala, lakini aliwaomba.

Baba Joji: Na kituo cha tano cha Njia ya Msalaba je? Simoni wa Kirene alishikwa na askari akabebeshwa msalaba. Huku Katubuka hakuna askari wa kutushika. Usiposema mama, tunakupita na ndoo zetu.

Mama Deo: Mimi nilijua kuomba ni kunung'unika.

Katekista: Hapana mama. Halafu nampigia Padre aje akupe Mpako wa Wagonjwa.

Mama Deo: Mpako?? Sijafikia huko!

Katekista: Si wa wanaokata roho tu. Soma Yakobo 5:14. Mgonjwa ndiye anaambiwa awaite wazee wa kanisa. Anayeita ni mgonjwa mwenyewe.

Mhazini: Nauli itoke mfuko wa jumuiya. Mwenyekiti?

Mwenyekiti: Itoke.

Baba Joji: Jumatatu saa moja asubuhi bajaji yangu iko mlangoni.

Mama Anjela: Maji naleta sasa hivi. Usinyanyuke kunifungulia.

Mama Deo: Mungu awabariki. Mlango uko wazi. Na mwanangu, ukifika unisaidie kufunga bandeji, kisiginoni sifikii.